Sikukuu Zilizokatazwa



Katika Kitabu cha Kutoka, mlango wa tano, liko jambo ambalo wengi wetu hulipita mbio. Musa na Haruni walipoingia kwa Farao mara ya kwanza hawakuomba mashamba, wala hawakuomba mshahara wa kufyatua matofali. Waliomba ruhusa watu waende jangwani wakamfanyie Mungu sikukuu. Basi. Na Farao akakasirika, akawaongezea kazi siku ile ile. Alijua wanalolijua watawala wengi, kwamba watu wakikusanyika kwa sikukuu yao wenyewe, hao ni taifa tayari.

Wameru hawakungoja kusoma habari ya namna hiyo. Kabla Biblia haijapanda mlima wetu, wazee walikuwa wakisimulia jinsi baba zao walivyokaa katika kisiwa cha Mbwa, huko pwani, chini ya watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani Nguo Nyekundu, na jinsi walivyotoroka na kuvuka maji. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limekwisha kupanda wakaitwa Njeru, weupe. Koo zikahesabiwa kwa majina hayo. Mimi simo katika wale wanaotaka kuthibitisha kwamba Wameru ni kabila moja la Israeli lililopotea. Nasema tu kwamba watu hawa walijua maana ya kutoka utumwani, nao walikuwa na sikukuu zao za kukumbuka wao ni nani.

Ilikuwako Ntuiko, na kwa Waembu Nduiko, siku za rika moja kukabidhi nchi kwa rika jingine. Katika Meru, Kiruka waliwaachia Ntiba, na zamu ikifika Ntiba wakawaachia Kiruka. Alikuwako Mugwe, mwenye kuwabariki watu, ambaye katika Imenti ilisemwa mkono wake wa kushoto hauonwi na mtu, maana ndio wenye nguvu ya baraka. Zilikuwako ngoma za Chuka, ndefu, ambazo mpigaji huzibana katikati ya miguu akicheza huku akipiga. Lakini sikukuu iliyogusa kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, ilikuwa ya tohara.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa tumezoea kuifikiria tohara kama kisu tu. Kisu kilikuwa jambo la dakika chache. Kabla yake zilikuwako nyimbo za siku nyingi, jamaa wakialikwa kutoka ng'ambo ya mito. Baada yake kulikuwa na kutengwa, na mafundisho, na msimamizi aliyechaguliwa kumtunza mtoto. Mvulana alitoka pale akaingia gaaru, nyumba ya vijana mashujaa, akapewa jina la rika ambalo angezikwa nalo. Na si mtoto peke yake aliyebadilika. Mama ambaye mtoto wake wa kwanza amepita jando alipanda cheo siku ile, akaketi na wanawake wakubwa, neno lake likasikiwa. Baba naye vivyo hivyo. Kijiji kizima kilihama hatua moja mbele. Ukimwondolea mwanamke sikukuu hiyo, humwondolei ngoma peke yake. Unamwambia abaki pale alipokuwa, asikue.

Misheni zilipokuja, Kanisa la Anglikana likafungua Kigari, Embu, mwaka 1910; Wamethodisti wakafika Meru mwaka 1912; Wapresbiteri wa Scotland wakamweka Daktari Clive Irvine Chogoria mwaka 1922. Wengine wa watu hao walikuwa waganga. Waliyaona majeraha ya wasichana, nao waliwaona wanawake wakifa katika kuzaa. Sitawacheka. Tena katika ngoma zile kulikuwa na pombe na maombi kwa mizimu ambayo Mkristo hawezi kuyashiriki. Kwa hiyo wakakataza. Mkristo asicheze ngoma, asinywe, asiende kwenye jando la jirani. Waliyaweka yote katika kapu moja, baya na jema, wakalifunga.

Lakini babu zao wenyewe hawakutendewa hivyo. Mwaka 601 Papa Gregori wa Roma alimwandikia Abate Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza kwa wapagani. Alimwagiza kwamba sanamu zivunjwe, lakini nyumba za ibada zisibomolewe. Na kwa kuwa watu wale walizoea kuwachinjia mashetani ng'ombe, wapewe sikukuu badala yake, wajenge vibanda vya matawi kuzunguka kanisa, wachinje wale, wamshukuru Mungu. Alisema moyo mgumu haukatwi yote mara moja. Mtu apandaye juu hupanda kwa hatua. Sisi Waprotestanti tunayo mengi ya kubishana na Roma, nami nayajua. Lakini barua ile ingefaa isomwe Kigari na Chogoria kabla ya mwaka 1929.

Maana mwaka huo, 1929, misheni zilianza kuwataka Wakristo waweke ahadi ya kuacha tohara ya wasichana. Misukosuko ilianzia upande wa Kiambu ikapanda hadi Embu, Chuka na Chogoria. Watu wakatoka kanisani makundi kwa makundi. Wimbo wa Muthirigu ukaenea, wa kuwadhihaki wamisheni na machifu, hata serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930. Shule za kujitegemea zikajengwa kwa michango ya wazazi, na kutoka hapo yakaja makanisa ya kujitegemea, ambayo hata leo yanasimama mkabala na yetu katika masoko mengi ya Embu na Meru. Wengi huwaita watu hao waasi. Lakini walichukua Biblia pamoja nao. Hawakukataa Kristo, walikataa kuambiwa kwamba watoto wao watakuwa watu wazima bila mtu yeyote kushangilia.

Mara ya pili kosa lilifanywa na wenyeji. Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, wazee wa Njuri Ncheke walipitisha amri ya kukataza tohara ya wasichana katika Meru nzima, na Mkuu wa Wilaya alifurahi. Walioketi walikuwa wanaume. Hawakuwaita wanawake, ambao shughuli ile ilikuwa mikononi mwao. Ikawaje? Wasichana wakaenda dukani, wakanunua nyembe, wakaingia vichakani kwa vikundi na kutahiriana wenyewe kwa wenyewe, bila mama, bila msimamizi, bila mafundisho. Watu wakawaita Ngaitana, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400, wasichana na wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuvunja amri ile.

Angalieni jambo hilo vizuri. Amri ilikataza kisu na sikukuu. Sikukuu ilikufa, kisu kikabaki. Nyimbo zilinyamaza, jamaa hawakualikwa, lakini damu ilimwagika vile vile, na pengine zaidi.

Ni kweli kanisa halikuwaacha watu bila furaha yoyote. Uamsho ulipowasha moto Afrika Mashariki, ndugu waliookoka walikusanyika kwa maelfu katika mikutano yao, wakalala kwenye majani, wakala pamoja, wakaimba Tukutendereza mpaka usiku. Wazee walioacha ngoma walipata ngoma nyingine isiyo na pombe. Jumapili ya mavuno nayo ni sikukuu ya kweli: ndizi, mahindi, njahi na kuku mbele ya madhabahu, kisha mnada nje, ambako nimeona kabichi moja ikinunuliwa mara nne na kurudishwa ikauzwe tena. Hapo hakuna anayelala usingizi. Lakini mikutano na mavuno ni vya wote kwa jumla. Mtoto anayevuka kuwa mtu mzima hana siku yake hapo.

Ilichukua miaka arobaini tangu Ngaitana. Mwaka 1996, huko Gatunga katika Tharaka, familia kama thelathini, zikisaidiwa na Maendeleo ya Wanawake na shirika la afya liitwalo PATH, zilifanya jambo jipya. Waliliita Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walitengwa kwa siku kadhaa kama zamani, wakafundishwa na wanawake waliochaguliwa habari za mwili, heshima na shule. Kisha wakatolewa mbele ya kijiji kwa nyimbo, chakula na zawadi. Kila kitu kilikuwako isipokuwa kisu. Mama zao walikuwako pia, wakishangiliwa. Kule Chogoria, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, hospitali ya Kanisa la Presbiteri ilianza kuwakusanya wavulana wakati wa kufunga shule, wakatahiriwa na wahudumu wa hospitali, kisha wakakaa pamoja wakifundishwa. Hospitali ile ile, kanisa lile lile lililokuwa limefunga kapu.

Makanisa mengi yakaiga. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba tohara ya maneno ilishika mizizi pale tu ambapo watu wa kijiji, baba na bibi pia, walikuwa wamefundishwa na kuzungumza kwanza. Mahali ambapo wageni walishuka na gari, wakawavika wasichana fulana na kuondoka, mambo yalirudi yalikotoka.

Luka anaeleza kwamba Yesu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alipandishwa Yerusalemu kwenye sikukuu, na wazazi wake wakarudi mwendo wa siku nzima bila kujua kwamba amebaki, wakidhani yumo katika msafara wa jamaa. Wasomaji wengine humlaumu Mariamu. Mimi naona msafara: watu wengi hata mtoto wa mmoja ni mtoto wa wote, na mama hana haja ya kugeuka nyuma kila mara.

Serikali ya Kenya ilipitisha sheria ya kukomesha ukeketaji mwaka 2011. Mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100 nchini walikuwa wametahiriwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Wavulana wa kanisa sasa wana juma lao la Desemba, na baba zao huchinja mbuzi wakitoka. Katika makanisa mengi niliyoyatembelea kati ya Runyenjes na Maua, nimeuliza siku ya wasichana ni lini, na katibu amefungua kalenda ya mwaka, akaipitia kwa kidole mwezi baada ya mwezi, akaifunga.