Kabla Hujasema Ligi Itakuwa Moto

Kila Agosti mji wa Garissa unageuka studio ya uchambuzi. Kuanzia Soko Mugdi hadi Bulla Iftin, kila kikombe cha shaah kina profesa wa mpira. Mwaka huu imezidi, maana CHAN ilitupandisha mzuka. Harambee Stars, vijana wa ligi ya nyumbani, walichapa DR Congo, Morocco na Zambia, zote moja bila, kabla Madagascar haijatutoa kwa penalti kwenye robo fainali. Sasa hata wasee ambao maisha yao yote ni Arsenal na Man U wanabishana kuhusu ligi ya Kenya. Polisi watatetea ubingwa? Gor watarudi? Ingwe wataamka? Na kila mmoja anamalizia na ile sentensi: msimu huu ligi ni ngumu, hakuna timu ndogo.

Walahi, tunasema hivyo kila mwaka. Ndiyo maana nimechukua orodha ya mabingwa tangu 1963 nikaisoma polepole.

Bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. 1964 ikawa Luo Union, 1965 Feisal ya Mombasa, 1966 Abaluhya, ambao ndio hawa tunawaita AFC Leopards leo. Miaka 4, mabingwa 4. Hiyo sasa ndiyo ligi ngumu. Halafu ruka mpaka 1979 uteremke hadi 1993. Miaka 15, mabingwa 2 tu: Gor na Leopards, wanapokezana kombe kama watoto wenye baiskeli moja. Wazee wanaita hiyo enzi ya dhahabu na siwezi kuwabishia kuhusu raha yake. Lakini ushindani? Kama timu yako haikuwa moja ya hizo mbili, ulikuwa msindikizaji.

Kilichofuata ndicho kinanivutia zaidi. 1997 Utalii wakabeba. 2001 na 2002, Oserian. Ulinzi wakachukua mara 3 mfululizo, 2003 hadi 2005. Kisha 2006 SoNy Sugar, 2007 Tusker, 2008 Mathare United, 2009 Sofapaka wakiwa ndio kwanza wamepanda daraja, 2010 Ulinzi tena. Miaka 5, mabingwa 5 tofauti! Gor walikaa bila ligi kutoka 1995 hadi 2013. Leopards wao hawajaishika tangu 1998, na nina binamu ambaye ukimkumbusha hiyo haongei na wewe hadi Ijumaa.

Angalia hayo majina vizuri. Utalii ni chuo cha hoteli. Oserian ni shamba la maua Naivasha. Ulinzi ni jeshi. SoNy ni kiwanda cha sukari. Tusker ni bia. Mathare na Sofapaka walikuja kivyao, lakini wengi waliovunja ule utawala wa timu mbili walikuwa na mwajiri nyuma yao. Na 2025 nani amebeba kwa mara ya kwanza? Kenya Police. Mchezaji akijua mwisho wa mwezi kuna kitu kwa akaunti, anakimbia dakika 90. Gor na Ingwe wana mashabiki wengi kuliko wote, lakini wanaishi kwa mdhamini na kiingilio. SportPesa ilipoondoka 2019, timu zote mbili zilitikisika. Gor walipewa ubingwa wa 2020, ligi ikiwa imesimamishwa na korona, halafu Tusker wakachukua 2021 na 2022.

Kwa hivyo mtu akiniuliza ligi itakuwa ngumu kiasi gani, siangalii nani amesajili straika. Nauliza ni timu ngapi zinalipa mishahara kwa wakati. Zikiwa 2, bingwa unamjua Oktoba. Zikiwa 6 au 7, hapo kuna kazi.

Sasa tuangalie huku kwetu. Kwa hiyo orodha yote hakuna bingwa aliyetoka Kaskazini Mashariki, na wachambuzi wa mtandaoni wanapenda kusema sisi ni watu wa ngamia, si watu wa mpira. Wee! Ligi ilianza 1963. Mwaka huo huo, tarehe 28 Desemba, wiki 2 tu baada ya uhuru, mkoa wetu uliwekwa chini ya sheria ya hali ya hatari. Haikuondolewa hadi Novemba 1991. Miaka 28 wengine wanajenga klabu, wanapanda basi kwenda kucheza ugenini, sisi tunaulizwa kibali na kipande.

1980, Leopards walibeba ligi. Novemba ya mwaka huo Bulla Kartasi ilichomwa, na vikosi vya serikali vikakusanya wakaazi kwenye uwanja wa mpira wa Garissa Primary. Siku 3, bila chakula, bila maji. Watu walikufa. Uwanja wa mpira, wasee. Ukiniambia kizazi hicho hakikuunda timu kwa sababu hakipendi soka, hatutaelewana.

Vipaji vipo. Berlin FC wa hapa Garissa wameshatuwakilisha kwenye fainali za Chapa Dimba. Kinachokosekana ni yule mwajiri. Kiwanda cha bia hatutapata, na hata kikija, hoyo atakufukuza nyumbani na hiyo jezi. Pesa ya kubeti, hivyo hivyo. Lakini tuna soko la mifugo ambalo ni kati ya makubwa zaidi Afrika Mashariki. Naivasha walilea mabingwa kwa maua. Matajiri wetu wa ng'ombe wanalipia harusi za siku tatu, washindwe na mishahara ya wachezaji 25?

Utabiri wangu wa 2025/26: ni Gor au Polisi, Tusker wakiwa karibu, Ingwe wakianza vizuri halafu mnajua. Niko tayari kuchekwa hapo kwa komenti. Ila ukiwa huku Garissa, Wajir au Mandera na una awowe aliyecheza mpira miaka ya 70, muulize timu yao iliitwaje na walikuwa wanacheza na nani. Niandikie majina, yote.