Kazi ya Pili ya Chombo

Msomaji, ukikuta katika nyumba fulani ya Lokitaung kikombe cha chai kilichovunjika mkono, kimetiwa udongo na kuoteshwa mshubiri mdogo, usicheke. Chombo hicho kimeacha kazi moja na kushika nyingine, na katika kazi ya pili imo historia.

Fikiri kwanza juu ya pwani yetu. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, liko kaburi la kale lenye nguzo, na katika nguzo hiyo yalipachikwa mabakuli ya kauri yaliyotoka Uchina. Chombo cha chakula kikawa pambo la marehemu. Watu wale walikuwa na biashara ya ng'ambo, nao walitaka sifa yao isipotee.

Sasa twende bara, hata Turkana. Nchi hii ni kavu. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka. Tangu zamani wenyeji wamelima mtama kando ya Mto Turkwel, lakini mbali na mto kilimo ni shida. Katika mwaka wa 1992 ilifunguliwa kambi ya Kakuma kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Sudan, na baadaye wakaongezeka wengine kutoka nchi za jirani. Mafuta ya msaada yalifika katika makopo ya bati. Mafuta yalikwisha, kopo likabaki.

Basi kopo lilitolewa kitako, likasimamishwa katikati ya gunia, likajazwa mawe. Kandokando ukatiwa udongo wenye samadi. Kisha likavutwa juu na kujazwa tena, hata gunia likajaa. Mbavuni yakatobolewa matundu ya kupandia sukuma wiki. Maji yaliyokwisha kuoshea mboga yakimiminwa juu ya mawe, hushuka na kuifikia mizizi yote. Hivyo mtu ambaye kwa miaka mingi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, alipata shamba mlangoni pake.

Kwa hiyo, ukitaka kujua haja ya watu, tazama kazi ya pili wanayovipa vyombo vyao. Wa Mambrui walitafuta kukumbukwa. Wa Kakuma walitafuta mboga ya jioni. Nawe kesho tazama vyombo vikuukuu vya nyumbani kwenu, uwaulize wazee vilianza na kazi gani. Na ukiotesha mche kikombeni, tia maji kidogo tu; kikombe hakina tundu chini, na maji yakituama mizizi huoza.