Kutoka beseni la fundi baiskeli hadi Oak Ridge: heliamu ilivyoanza kusaka mivujo

Ukipeleka baiskeli yenye pancha kwa fundi, hatakuuliza maswali mengi. Atachomoa tyubu, ataijaza upepo, ataizamisha kwenye beseni la maji na kuizungusha taratibu huku akiibana kidogo. Viputo vikitoka, hapo ndipo tundu lilipo. Anaweka alama, anakausha, anapiga msasa, solusheni, kiraka, kazi imeisha. Nyumbani nako, ukifunga mtungi mpya wa gesi, unapaka maji ya sabuni kwenye regyuleta na mpira wake. Povu likivimba, unafunga haraka na hakuna kuwasha jiko.

Viwandani ni hivyohivyo. Matangi, mabomba ya gesi, mitungi, mashine za friji: vyote vimepimwa kwa viputo miaka mingi, na hadi leo vinapimwa. Njia ni ya bei nafuu, na uzuri wake ni kwamba inakuonyesha tundu lenyewe, si kukuambia tu kwamba tundu lipo.

Ila ina mipaka. Wa kwanza ni jicho la mtu. Tundu linalotoa hewa ya ujazo wa milimita moja ya mchemraba kwa sekunde utaliona bila shida: kiputo kidogo kila sekunde. Lifanye liwe dogo mara elfu, na sasa utasubiri zaidi ya dakika 16 ili kiputo kilekile kitokee. Nani ana subira hiyo, na ana maungio elfu kumi ya kupima? Mpaka wa pili ndio mkubwa zaidi, na watu wengi hawaufikirii: viputo vinahitaji hewa itoke nje. Je, kama chombo chako kimenyonywa hewa yote, yaani ndani kuna ombwe? Hapo hewa haitoki, inaingia. Unaweza kupaka sabuni mpaka mkono uchoke, na povu lisivimbe hata kidogo.

Waliofanya kazi na ombwe kabla ya vita vya pili vya dunia walikuwa na mbinu zao. Kama chombo ni cha kioo, walipitisha cheche ya umeme wa volti kubwa juu yake. Cheche huingia palipo na tundu, na mwanga wa ndani hubadilika rangi. Kama ni cha chuma, walipaka alkoholi au asetoni kwenye maungio huku wakikodolea macho geji, wakisubiri mshale ucheze. Nimewahi kufanya hivyo maabara. Mshale unacheza kweli, lakini unacheza pia mtu akifungua mlango, pampu ikipata moto, au maji yaliyoganda kwenye kuta za chuma yakianza kujiachia. Huwezi kujua kama umepata tundu au umepata kelele tu.

Kwa chombo kimoja mezani, unavumilia. Mwaka 1943, pale Oak Ridge, jimbo la Tennessee nchini Marekani, walikuwa wanajenga kitu ambacho kisingevumiliwa namna hiyo.

Jengo liliitwa K-25. Lilikuwa na umbo la herufi U, ghorofa nne, kila mkono wa U karibu mita 800. Kazi yake ilikuwa kutenganisha aina mbili za urani, ya 235 na ya 238, kwa ajili ya bomu la nyuklia. Kikemia aina hizi mbili ni kitu kimoja. Zinatofautiana kwa uzito tu. Basi urani iliunganishwa na florini ikawa gesi, heksafloridi ya urani, kisha gesi hiyo ikasukumwa kupitia utando wenye vitundu vidogo sana. Molekuli nyepesi hupita kwa kasi kidogo kuliko nzito. Kidogo ni kidogo kweli: molekuli moja ina uzito wa 349 na nyingine 352. Ndiyo maana ilibidi kurudia, hatua baada ya hatua, karibu hatua 3,000 zilizounganishwa mfululizo, kwa mamia ya kilomita ya mabomba.

Sasa, gesi hii ni korofi. Ikikutana na unyevu wa hewa, inageuka papo hapo: upande mmoja asidi ya hidrofloriki inayokula vyuma, upande mwingine unga mgumu wa urani unaoziba vile vitundu vya utando ambavyo ndiyo roho ya kiwanda. Na kwa vile sehemu kubwa ya mfumo ilifanya kazi chini ya kanieneo ya hewa ya nje, kila tundu lilikuwa mlango wa hewa kuingia. Sabuni? Haiwezekani. Maji ndiyo adui mwenyewe, huwezi kuyapaka kwenye mabomba ukitegemea yabaki nje. Na hata ungeweza, viputo haviingii ndani vikakupungia mkono.

Mtu aliyetoa jibu alikuwa Alfred Nier, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliyezaliwa Saint Paul mwaka 1911. Kazi yake ilikuwa spektromita ya tungamo, mashine inayopanga chembe kwa uzito wake. Gesi inaingia, elektroni zinaigonga na kuifanya ioni, umeme unazisukuma ioni, na sumaku inazipinda. Nyepesi hupinda sana, nzito hupinda kidogo. Weka kipokeo mahali sahihi na utapokea uzito mmoja tu unaoutaka. Mwishoni mwa Februari 1940 Nier alitumia mashine ya namna hii kutenga chembechembe za urani 235, akazibandika kwenye ukingo wa barua aliyoiandika kwa mkono, akaituma kwa posta kwa John Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ndiyo, kwa posta. Vipande hivyo ndivyo vilivyothibitisha kwamba urani 235 ndiyo inayopasuka kwa neutroni za mwendo wa polepole.

Wazo la kusaka mivujo lilikuwa rahisi ukilisikia leo. Acha kuuliza kama hewa inaingia. Hewa iko kila mahali, ndani na nje, jibu litakuwa ndiyo siku zote. Chukua gesi ambayo karibu haipo hewani, ipulizie nje ya bomba, kisha uiulize mashine swali moja tu: je, hii imeingia?

Gesi hiyo ni heliamu. Katika kila chembe milioni za hewa, heliamu ni kama tano tu. Atomu yake ni ndogo na nyepesi, inapenya upesi. Haiungani na kitu chochote, kwa hiyo haiwezi kudhuru gesi ya urani wala mabomba. Unaweza kuuliza, kwa nini isiwe hidrojeni, nyepesi zaidi? Kwa sababu hidrojeni inalipuka, na pia kwa sababu imo katika maji na mafuta yaliyonata kwenye kila chuma; mashine ingeiona hata bila tundu. Uzito wa 4 ni mtaa tulivu. Ukisikia hatua za mtu humo, ujue ni mgeni.

Kwamba Wamarekani walikuwa nayo kwa wingi ni bahati ya jiolojia, na ina kichekesho chake. Mwaka 1903 mji wa Dexter, Kansas, ulichimba kisima cha gesi, wakafanya sherehe, wakaleta robota la nyasi linalowaka ili kuwasha gesi yao mpya. Moto ukazimika. Wakajaribu tena, ukazimika tena. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Kansas walipoipima waliona kwamba sehemu kubwa ni nitrojeni, na mwaka 1905 wakakuta ndani yake heliamu, asilimia 1.84. Hadi wakati huo watu waliijua zaidi kama gesi ya jua. Heliamu ya ardhini huzaliwa pale urani na thoriamu zinapooza polepole ndani ya miamba, jambo ambalo pia linaeleza gesi iliyotangazwa mwaka 2016 katika bonde la Rukwa, Tanzania. Kwa hiyo pale Oak Ridge mtoto wa urani ndiye aliyewekwa kulinda mabomba ya urani.

Mashine za Nier zilitengenezwa kiwandani na General Electric na kupelekwa kwenye ujenzi. Katika kitabu chake cha mwaka 2013, Denise Kiernan ameeleza jinsi wasichana, wengine wametoka shule juzi tu, walivyoajiriwa kuwa wapimaji. Bomba liliunganishwa na mashine na kunyonywa hewa. Mpimaji alipitisha kijibomba cha heliamu juu ya kila mshono wa kuchomelea, taratibu, macho kwenye geji. Mshale ukiruka, mshono unarudi kwa fundi. Hawakuambiwa ndani ya mabomba hayo kutapita nini. Walijua heliamu, walijua mshale, basi.

Hawakuwa peke yao. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, mgodi wa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Tani zipatazo 1,200 za mawe yake zilisafirishwa hadi New York mwaka 1940 kwa amri ya Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière. Wachimbaji walioitwa tena baadaye mgodi ulipofunguliwa upya, nao waliambiwa wachimbe tu. Ninapofundisha spektromita kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, napata shida hapa. Ningependa iwe hadithi ya akili ya mtu mmoja na swali zuri. Lakini kila mshono uliopita mtihani ulisaidia K-25 kufanya kazi, na urani yake, baada ya kuongezwa nguvu katika kiwanda jirani cha Y-12, ilikuwemo katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Siku hiyo ndipo wapimaji wengi walipojua kazi yao ilikuwa nini, kwa kusikia redioni kama watu wengine.

Nier na wenzake walichapisha maelezo ya mashine mwaka 1947, na tangu hapo ikatoka jeshini ikaenda kila mahali. Leo inapima mashine za friji na kiyoyozi, vifaa vya kusaidia mapigo ya moyo ambavyo havitakiwi kuingiza hata unyevu wa mwili, satelaiti na vyombo vya kutengenezea chipu za kompyuta. Ina uwezo wa kuona tundu ambalo lingehitaji zaidi ya miaka 30 kupitisha sentimita moja ya mchemraba ya gesi, na hata madogo kuliko hayo. Mimi mwenyewe iliwahi kunionyesha kwamba mvujo nilioutafuta siku tatu ulikuwa unywele mmoja uliolala kwenye mpira wa kuziba. Unywele wangu.

Shida ya sasa ni bei. Heliamu ikishapotelea angani hairudi, na viwanda vingi vimeanza kutumia mchanganyiko wa hidrojeni asilimia 5 na nitrojeni asilimia 95, ambao hauwaki na ni rahisi zaidi, pale ambapo tundu dogo kupindukia si tatizo. Wanaobaki na heliamu wanaikusanya tena baada ya kupima.

Na kabla ya kuwasha mashine hiyo ya gharama, mafundi wengi huanza na chupa ya maji ya sabuni, kama chombo kinaruhusu. Si kwa mapenzi ya mambo ya kale. Tundu kubwa likiachwa, heliamu itafurika ndani ya spektromita na utakaa masaa ukisubiri isafike ndipo uanze upya.