Wekundu Nyuma ya Gurudumu

Jumapili moja mjukuu wangu alifika nyumbani, na kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yake akanivuta mkono hadi kwenye gari. "Babu, chungulia hapa." Nikachuchumaa kwa taabu, maana magoti ya miaka zaidi ya sabini hayana haraka. Katikati ya mikono ya rimu ya alumini niliona chuma chekundu, kinang'aa kama pipi. Ni kile chuma kinachoikumbatia diski na kuibana unapokanyaga breki, ambacho mafundi wanakiita kalipa. Alikuwa amezipeleka zote nne zikapakwe rangi ya unga.

Nikamuuliza kama breki sasa zinashika vizuri zaidi. Akacheka. Mimi nilifundisha historia kabla ya kupewa shule niiongoze, na mwalimu wa historia akichekwa huenda kutafuta chanzo.

Breki ya diski si jambo la juzi. Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1902, mjini Birmingham. Pedi zake zilikuwa za shaba, nazo zilipiga kelele ya kuumiza masikio na kulika upesi kwenye barabara za vumbi za siku zile. Watengenezaji wengi wa magari wakafuata breki ya dramu, ambayo viatu vyake hujifungua na kusugua upande wa ndani wa gurudumu la chuma. Kwa nusu karne dunia ikasimama kwa dramu.

Ubaya wa dramu niliujua mwaka 1981. Tulikuwa tukishuka Kitonga na lori la shule, tumetoka Iringa na magunia ya mahindi, mimi nimekaa mbele na dereva. Tulipofika katikati ya mteremko nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, kali, inayokwaruza koo. Dereva alikanyaga, pedali ikashuka hadi sakafuni. Dramu ikipata moto hutanuka na kuvikimbia viatu vyake, na vile viatu vyenyewe vikiungua hupoteza mshiko. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua kwamba upande wa kushoto kulikuwa na bonde. Dereva, Mungu ampe rehema, aliliegemeza lori kwenye ukuta wa mlima upande wa kulia, likajisugua na mawe mpaka likasimama. Tulipoteza mlango mmoja na magunia kadhaa.

Diski iko wazi, upepo unaipoza, na ikitanuka kwa joto hainenepi sana wala haizikimbii pedi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kwenye magurudumu ya ndege. Lakini kilichoyafungua macho ya watu wa magari ni mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1953. Jaguar aina ya C, ikiendeshwa na Tony Rolt na Duncan Hamilton, ilikuwa na breki za diski za Dunlop. Mwisho wa ule mstari mrefu ulionyooka, wenzao wa dramu walilazimika kukanyaga breki mapema. Hawa walichelewa, mzunguko baada ya mzunguko, usiku kucha. Wakashinda kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya kilometa 160 kwa saa, jambo ambalo halikuwahi kutokea pale. Miaka miwili baadaye Citroën ikaonyesha DS mjini Paris, gari la familia lenye diski magurudumu ya mbele.

Hakuna aliyefikiria kuzipaka kalipa hizo rangi ya urembo. Nani angeziona? Rimu zilikuwa za chuma kilichozibwa. Rimu za alumini zenye mikono myembamba ndizo zilizolifungua dirisha, na kilichoonekana ndani kilikuwa chuma chenye kutu. Ndipo rangi ikawa na kazi ya kusema. Porsche, kwa mfano, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imeweka kalipa za manjano kwenye magari yake yenye diski za kauri. Ukiona manjano, unajua kuna nini ndani, au unadhani unajua.

Unga wenyewe una historia yake. Mjerumani Erwin Gemmer, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikipasha chuma moto na kukichovya kwenye unga wa plastiki uliochafuliwa na hewa. Miaka ya 1960 ikaja bunduki inayoupa unga umeme tuli, ukarukia chuma kama vumbi lilivyorukia kioo cha televisheni za zamani. Kisha chuma huingizwa tanurini, nyuzi 180 hadi 200 za Selisiasi, unga ukayeyuka na kuwa ngozi moja ngumu. Hakuna tona inayopaa hewani. Kanuni iliyopitishwa Los Angeles mwaka 1966 kudhibiti viyeyushi vya rangi iliusaidia sana unga huu kupata soko.

Wiki mbili baada ya ile Jumapili tulikwenda Mlandizi kwenye msiba. Tulipopita Kibaha nikaisikia. Harufu ile ile. Nilimwambia asimamishe gari, kwa sauti ambayo nadhani sijaitumia tangu nistaafu. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa halishikiki kwa moto.

Fundi aliyelifungua alituonyesha. Aliyepaka hakuziba sehemu ambazo pedi huteleza. Ngozi ya unga haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini pale nafasi ni finyu, pedi ikabanwa, ikawa inasugua diski safari nzima. Tena kalipa iliokwa na sili zake za mpira zikiwa ndani, zikakauka na kupasuka. Fundi alikwangua rangi kwa tupa pale pasipotakiwa rangi, akaweka sili mpya kote, akabadilisha mafuta ya breki.

Wekundu uliobaki mjukuu wangu hakukubali uondolewe. Tulirudi usiku. Nilipoteremka nilipeleka kiganja karibu na rimu ya kushoto, nikazunguka gari nikapeleka na ya kulia. Zote zilikuwa vuguvugu tu.