Ndoa Ikibadilika Kabla ya Kiapo: Mke, Mume na Uraia wa Marekani tangu 1804

Kuomba uraia wa Marekani hakujawahi kuwa shughuli ya siku moja. Chini ya sheria ya 1795 mgeni alitakiwa kwanza atangaze nia yake mahakamani, akae nchini miaka mitano, kisha arudi kuomba na kula kiapo. Mwaka 1798 muda huo ulipandishwa hadi miaka 14, na mwaka 1802 ukarudishwa mitano. Katika miaka mitano watu huoa na kuolewa, huachana, na wengine hufa. Sheria ililazimika kusema ombi lililokwisha kuanza linakuwaje mambo hayo yakitokea, na majibu yake yamegeuka mara nyingi.

Jibu la kwanza lilimhusu mjane. Kwa sheria ya tarehe 26 Machi 1804, mume aliyekwisha kutangaza nia akifa kabla ya kupata uraia, mjane wake na watoto wake walihesabiwa kuwa raia mara tu wakila kiapo. Hawakuanza upya. Hatua alizopiga marehemu ziliwafaa wao, na ingawa sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya Wazungu peke yao, maana wao tu ndio walioruhusiwa kuomba uraia wakati ule, kwa mjane ilikuwa ya huruma.

Mke ambaye mumewe yu hai hakuwa na ombi lake mwenyewe. Sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza ilimhesabu mke kuwa chini ya kivuli cha mumewe katika mali, mikataba na mashtaka, na mwaka 1855 Kongresi ilitia uraia humo humo. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia akawa raia kwa ndoa yenyewe, bila kuomba wala kuapa, mradi awe wa rangi iliyoruhusiwa. Mwaka 1868 Mahakama ya Juu ilithibitisha, katika kesi ya Kelly dhidi ya Owen, kwamba haikujali kama mume alikuwa raia siku ya ndoa au alipata uraia baadaye: siku mume alipokuwa raia, mke naye alikuwa raia.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ndio uliowaumiza watu. Nellie Grant, binti wa Rais Ulysses Grant, aliolewa na Mwingereza ndani ya Ikulu ya Marekani mwaka 1874, na uraia wake haukurudi hadi Kongresi ilipompitishia azimio maalumu mwaka 1898. Mambo yalikazwa tarehe 2 Machi 1907, sheria ilipoandika waziwazi kwamba Mmarekani wa kike anayeolewa na mgeni anachukua uraia wa mumewe. Ndoa ikivunjika kwa talaka au kifo, aliyekuwa akiishi Marekani alirudishiwa uraia wake kwa kuendelea kuishi huko. Aliyekuwa nje alitakiwa arudi nyumbani au ajiandikishe kwa konseli ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo talaka iliweza kumrudishia mwanamke nchi yake, na ndoa ikamnyang'anya.

Ethel Mackenzie alikataa kulinyamazia jambo hilo. Alizaliwa California, akaishi California, na mwaka 1909 akaolewa na Gordon Mackenzie, mwimbaji kutoka Scotland aliyekuwa akiishi San Francisco. California iliwapa wanawake kura mwaka 1911. Alipokwenda kujiandikisha kupiga kura Januari 1913, maofisa walimkatalia: ameolewa na raia wa Uingereza, kwa hiyo si Mmarekani. Alifikisha kesi yake hadi Mahakama ya Juu, na mwezi Desemba 1915 akashindwa. Majaji walisema kwamba aliingia katika ndoa kwa hiari yake huku akijua matokeo yake. Hoja hiyo haikuwa ya haki hata kwa wakati wake, kwa sababu mwanamume aliyeoa mgeni kwa hiari ile ile hakupoteza kitu. Vita Kuu ilipoikumba Marekani, wanawake waliozaliwa humo na kuolewa na Wajerumani walitakiwa mwaka 1918 wajiandikishe kama wageni wa upande wa adui, ndani ya nchi waliyozaliwa.

Kura ndiyo iliyovunja utaratibu huu. Wanawake wa nchi nzima walipata haki ya kupiga kura mwaka 1920, na tarehe 22 Septemba 1922 ikapitishwa sheria inayojulikana kwa jina la mbunge John Cable wa Ohio. Tangu siku hiyo mwanamke wa kigeni hakupata tena uraia kwa kuolewa tu. Alitakiwa aombe mwenyewe, ila alipunguziwa masharti: mwaka mmoja wa kuishi nchini badala ya mitano, na hakuna haja ya kutangaza nia kwanza. Mmarekani aliyeolewa na mgeni alibaki na uraia wake, isipokuwa kama mume alikuwa wa jamii isiyoruhusiwa kuwa raia, hasa Waasia. Ubaguzi huo ulifutwa mwaka 1931.

Waliokwisha kupoteza uraia kabla ya 1922 walilazimika kuuomba kama wageni. Ruth Bryan Owen, binti wa mwanasiasa William Jennings Bryan, aliolewa na afisa wa jeshi la Uingereza mwaka 1910 na kupata uraia tena mwaka 1925. Mwaka 1928 alichaguliwa kuwa mbunge kutoka Florida. Mshindani wake alidai kwamba hajatimiza miaka saba ya uraia ambayo Katiba inamtaka mbunge awe nayo. Ruth aliitetea hoja yake mwenyewe mbele ya wabunge, nao wakakiacha kiti mikononi mwake. Mwaka 1936 Kongresi ilikubali kwamba wanawake wa namna yake ambao ndoa zao zilikwisha wanaweza kurejea kwa kula kiapo tu, na mwaka 1940 ikawaongeza wale walioendelea kuishi Marekani wakiwa bado na waume zao.

Mwaka 1934 mume na mke waliwekwa kwenye mizani moja. Mgeni aliyeoa au kuolewa na raia, awe mwanamume au mwanamke, aliweza kuomba baada ya miaka mitatu. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya 1952 iliichukua njia hiyo katika kifungu cha 319 na kuongeza sharti ambalo ndilo kiini cha habari hii: katika miaka hiyo mitatu mwombaji awe anaishi na mwenzake katika maisha ya ndoa. Cheti peke yake hakikutosha. Mwaka 1986, kwa hofu ya ndoa za makaratasi, Kongresi iliagiza kwamba anayepata ukaazi kupitia ndoa yenye umri usiofika miaka miwili apewe grinikadi ya masharti ya miaka miwili, na wawili hao warudi kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli. Mwaka 2000 mwenzi aliyepigwa au kuteswa aliondolewa sharti la kuishi na mtesaji wake ili asipoteze miaka mitatu yake.

Kutokana na historia hiyo, mabadiliko ya ndoa wakati wa maombi hupimwa kwa njia ambayo mwombaji aliifuata. Aliyeomba kwa miaka mitano yake mwenyewe haangushwi na talaka; hutoa taarifa, hupeleka hati na kusonga mbele. Aliyeomba kwa miaka mitatu kupitia mwenzake hupoteza njia hiyo ndoa ikivunjika kabla ya kiapo, hata kama usaili ulishapita, na kuoa tena hakuirudishi. Husubiri miaka mitano itimie na kuomba upya. Kifo nacho huifunga njia ile ile, isipokuwa marehemu awe mwanajeshi aliyefia katika utumishi wa heshima. Katika nukta hii sheria ya sasa ni kali kuliko ile ya 1804, iliyombeba mjane hadi kwenye kiapo.

Kwa waombaji kutoka Afrika Mashariki, mzigo mzito zaidi uko kwenye hati. Idara ya uhamiaji ya Marekani huangalia kama ndoa na talaka vilikuwa halali mahali vilipofanyika. Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, talaka iliyotamkwa na mume, hata ikiandikwa, haitoshi. Mahakama ndiyo inayotoa amri ya kuvunja ndoa. Zanzibar na Kenya zina Mahakama za Kadhi zenye nguvu ya kisheria. Anayeoa tena Marekani akitegemea talaka ambayo haikufikishwa mahakamani anaweza kuonekana bado ni mume wa mke wa kwanza, na grinikadi iliyotokana na ndoa ya pili ikaingia mashakani. Mitala ni kizuizi kingine. Wenye wake wengi walianza kuzuiwa kuingia Marekani mwaka 1891, na hadi leo fomu ya uraia inauliza kama mwombaji amewahi kuwa na wenzi zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Anayerudi nyumbani kuongeza mke wakati ombi linashughulikiwa hukosa sifa ya mwenendo mwema, ingawa ndoa hiyo ni halali alikoifunga.

Swali la mwisho huulizwa siku yenyewe ya kiapo. Barua ya mwaliko, fomu namba N-445, ina maswali upande wa nyuma, na la kwanza linataka kujua kama tangu usaili mwalikwa ameoa au kuolewa, amefiwa, ametengana au ameachana, na kama ndivyo, alete ushahidi. Anayeficha jibu hapo anaweza kufutiwa uraia miaka mingi baadaye. Anayejibu kweli na kuapa hana tena cha kuhofia kwa upande wa ndoa: talaka au kifo kikitokea baada ya kiapo, uraia wake hauguswi.