Homa Isiyopanda: Historia ya Kuusaka Ugonjwa Katika Mwili Uliopoteza Walinzi

Asubuhi na mapema sokoni Nyawera, mjini Bukavu, sambaza za ziwani zinapomwagwa mezani, si ajabu kumwona mama akiacha kidogo kupanga mafungu yake, akapeleka mkono nyuma na kumgusa mtoto aliye mgongoni kwa mgongo wa kiganja. Akikuta joto hufunga biashara na kuelekea kwa muganga, na akikuta ubaridi humshukuru Mola na kuendelea na samaki wake. Kipimo hicho ni kikongwe kuliko hospitali zote, na aghalabu husema kweli, illa kwa mwili mmoja, nao ni ule uliopungukiwa na kinga.

Kwani joto la homa halitoki kwa adui aliyeingia, bali kwa walinzi wanaopiga mbiu, kama vile uvimbe na usaha ulivyo alama ya vita walivyovipigana. Na ikiwa walinzi hao wamedhoofika kwa njaa, au kwa virusi, au kwa dawa kali za saratani, nyumba huibwa usiku kucha pasi na mbwa kubweka. Kwa hiyo historia ya kuyatambua maambukizi ya watu wa namna hii ni historia ya matabibu waliojifunza, taratibu na kwa hasara nyingi, kutafuta ushahidi mahali pengine baada ya shahidi wao mkuu kunyamaza.

Kivu, eneo uliko mji wa Bukavu, ilipewa somo hilo kabla ya SIDA, yaani UKIMWI, kujulikana. Maradhi ambayo tabibu Cicely Williams aliyaeleza mwaka 1933 katika nchi iitwayo leo Ghana, na ambayo vitabu huyaita kwashiorkor, watu wa Bukavu waliyaita bwaki: miguu ya mtoto ikivimba, nywele zikigeuka rangi mithili ya nyuzi za mahindi, na uso ukikosa hata hamu ya kulia. Mwaka 1965 kilizaliwa mjini humu chama cha kupambana na bala hilo, Comité Anti-Bwaki, na huko Lwiro, kaskazini ya mji, hospitali ya watoto ikawa mahali pa kuyachunguza. Mtoto wa bwaki aweza kuwa na nimonia iliyokomaa na mwili wake ukabaki baridi, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, liliagiza kila mtoto mwenye utapiamlo mkali apewe dawa za kuua bakteria hata kama hakuna alama yoyote ya maambukizi. Lilikuwa ni kama kukiri kwamba macho na mikono ya tabibu havikutosha.

Kifua kikuu nacho kilikuwa na hila ile ile. Robert Koch alikitangaza kimelea chake mwaka 1882, na mwaka 1908 Charles Mantoux akaonyesha namna ya kudunga dawa ya kupimia ndani ya ngozi ya mkono na kungoja uvimbe kwa siku mbili au tatu. Lakini uvimbe huo, kama homa, ni kazi ya walinzi, na ngozi ya mdhaifu hubaki sawasawa hata mapafu yakiwa yameshikwa. Makohozi pia hudanganya, maana darubini huhitaji takriban vimelea 10,000 katika mililita moja ili imwone mmoja, ilhali mapafu yasiyopigana hayachimbiki mashimo yanayomwaga vimelea kwa wingi huo.

Oktoba 1983 mtafiti Peter Piot na wenzake waliwasili Kinshasa kuichunguza SIDA, na katika hospitali ya Mama Yemo wakamkuta Dakta Kapita Bila, ambaye wodi zake zilikuwa zimejaa vijana waliokonda kwa maradhi yasiyowastahili. Miaka miwili baadaye, mjini Bangui, wataalamu waliafikiana juu ya njia ya kuitambua SIDA mahali pasipo na maabara, kwa kuhesabu dalili kubwa kama kukonda, kuhara na homa ya zaidi ya mwezi. Ila maradhi machache yalitosha kuwa hukumu peke yake, mojawapo likiwa ugonjwa wa utando wa ubongo uletwao na kuvu aitwaye kriptokokasi.

Kuvu huyu husakwa kwa wino. Tone la maji ya uti wa mgongo huchanganywa na tone la wino mweusi wa Kichina, na chini ya darubini uwanja wote huwa giza, isipokuwa pale alipo kuvu, ambaye ganda lake nene huusukuma wino akaonekana kama mwezi mdogo uliozungukwa na ukungu mweupe. Kinachomshtua mtazamaji ni upweke wa miezi hiyo: chembe nyeupe za kinga, ambazo katika ugonjwa wa namna hiyo zingekuwa tele, ni chache mno, na mara nyingi hata shingo ya mgonjwa haikukakamaa.

Bukavu ilianza kupata dawa za kupunguza makali ya virusi mwaka 2003, kwa mkono wa Madaktari Wasio na Mipaka, na vipimo vipya vikafuata duniani. Desemba 2010 iliidhinishwa mashine isomayo chembe za urithi za kifua kikuu kwa muda usiozidi saa mbili, ikitosheka na vimelea 131 katika mililita. Lakini mashine hutaka umeme, na umeme wa Bukavu una desturi zake. Mwaka 2011 kikaja kijikaratasi cha kumnasa kriptokokasi katika tone la damu, na mwaka 2015 kikaidhinishwa kingine cha kutafuta mabaki ya kifua kikuu katika mkojo, nacho kina ajabu ya pekee: kadiri kinga ya mgonjwa inavyozidi kuporomoka, ndivyo kinavyozidi kusema kweli.

Yule mama wa Nyawera hana haja ya kuuacha mkono wake, kwa kuwa ukikuta joto, bado asubuhi hiyo ni ya kwenda kwa muganga. Mtoto akikonda, akavimba miguu na kukataa uji, hapo ndipo ubaridi wa shingo yake usimrudishe mtu kwenye mafungu ya samaki.