Sindano, Kiharusi na Suala la Kundi Linganishi: Kutoka Tianjin hadi Lund, 1972–2001

Maandiko ya kale ya utabibu wa Kichina hukiita kiharusi zhongfeng, yaani kupigwa na upepo. Kwa mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako aliyepooza ghafla husemwa kuwa amekumbwa na upepo mbaya, wazo hilo si geni. Mwaka 1972, huko Tianjin, tabibu Shi Xuemin aliiwekea tiba ya sindano utaratibu mahususi kwa wagonjwa hao, akibainisha sehemu za kuchoma na namna ya kuizungusha sindano. Njia yake ilienea China. Ushahidi wa awali wa mafanikio ulikuwa idadi ya waliopata nafuu, nao ni ushahidi dhaifu: wagonjwa wengi wa kiharusi hurejewa na sehemu ya nguvu zao katika miezi ya mwanzo, wachomwe sindano au wasichomwe.

Kipimo kikali zaidi kilifanyika Sweden. Mwaka 1993, Barbro Johansson na wenzake wa Lund walichapisha jaribio la wagonjwa 78 waliopooza vibaya upande mmoja. Wote walipata huduma za kawaida za utengamao, ikiwemo fiziotherapia ya kila siku. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa nasibu, waliongezewa sindano mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 10. Walioongezewa walipata nafuu mapema na kubwa zaidi katika kutembea, kusimama imara na kujihudumia. Siku zao za kukaa hospitalini na katika nyumba za uuguzi zilipungua, na watafiti wakakadiria kuwa kila mgonjwa aliokoa dola 26,000. Kwa mpanga bajeti yeyote, hiyo ni takwimu yenye kushawishi mno.

Hata hivyo, jaribio hilo lilikuwa na pengo. Kundi la pili halikupewa chochote cha ziada, ilhali wagonjwa wa sindano walipata pia saa za kuhudumiwa, kuguswa na kutiwa moyo. Huko Göteborg, jaribio la wagonjwa 104 lililochapishwa mwaka 1998 halikuona faida yoyote. Johansson mwenyewe hakulitetea tokeo lake kwa maneno, alilijaribu upya. Safari hii wagonjwa walikuwa 150, katika makundi matatu: la sindano, la umeme uliopitishwa kwenye ngozi kwa nguvu ya kukaza misuli, na la umeme hafifu usiohisiwa. Matokeo ya mwaka 2001 yalikuwa wazi: baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka mmoja, makundi hayakutofautiana. Ni nadra mtafiti kuupindua ushahidi wake mwenyewe kwa uwazi wa namna hii.

Historia hii inaigusa kanda moja kwa moja. Timu za madaktari wa China zimehudumu Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu mwaka 1968, na sindano ni sehemu ya utabibu waliokuja nao. Wizara inayofikiria kuiingiza tiba hiyo katika mwongozo wa kiharusi ina haki ya kuuliza imelinganishwa na nini, na fedha zake zitatolewa katika fungu gani. Katika majaribio yote mawili ya Johansson, hakuna mgonjwa aliyepewa sindano badala ya fiziotherapia.